Panya mzima kwa macho, tumboni ana wageni

Asanteni, naomba mkae. Walimu wangu mlioko meza ya mbele, shikamooni. Wahudumu wenzangu wa nyumba ya wanyama nawaona mmejipanga kule nyuma kama kawaida yetu, leo naomba msogee mbele jamani, maana haya ninayotaka kusema yanawahusu nyie kuliko mtu mwingine humu ndani. Na nyie wadogo zangu mnaoanza risechi mwaka huu, karibuni sana.

Nimeombwa niongelee minyoo ya panya wa maabara. Nimekaa na hawa panya miaka mingi, nimewabadilishia maranda, nimewaoshea chupa, nimewapima uzito alfajiri wakati watafiti wenyewe bado wamelala, na nawaambia ukweli hakuna kitu kimewahi kuniuma kwenye kazi hii kama minyoo. Na sio kwa sababu inaua. Haiui, hiyo ndo shida yenyewe, ingekuwa inaua tungeiona siku ya kwanza na kila mtu angekimbia huku na huku. Panya mwenye minyoo anakula, anakunywa, manyoya yanang'aa, anapanda juu ya waya ukifungua keji, unamuandika "mzima" kwenye daftari na unaendelea na keji inayofuata.

Wengi mkisikia panya na sayansi mnawaza wale panya buku wa Morogoro, wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia, na sisi wote tulijivunia, mtoto wa nyumbani. Wale wana majina. Panya ninaowasemea mimi leo ni wale weupe wenye macho mekundu, wa koo za Wistar na Sprague Dawley, hawana majina, wana alama ya kalamu mkiani tu. Dawa nyingi mnazomeza zilipita kwao kwanza. Kwa hiyo wakitupa jibu lisilo la kweli, jibu hilo halibaki kwenye keji, linatoka na kwenda kwa watu.

Sasa nianze na huyu anayetusumbua zaidi. Kitaalamu unaitwa Syphacia muris, sisi kwenye nyumba ya wanyama tunaviita vinyuzi tu, maana ndivyo vilivyo. Jike lina milimita tatu mpaka nne, dume ni dogo, milimita moja na kidogo. Panya anameza yai, linaanguliwa kwenye utumbo mwembamba, kinyuzi kinashuka mpaka kwenye sikamu, ule mfuko mkubwa pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, kinakulia hapo, dume likishapanda linakufa mapema, halafu jike likijaa mayai linasafiri utumbo wote mpaka nje kabisa kwenye njia ya haja kubwa, linataga kwenye ngozi ya pale pembeni, na lenyewe linakufa. Toka yai limemezwa mpaka mayai mapya yaonekane ni siku saba au nane. Wiki moja tu! Na hayo mayai ndani ya masaa machache yako tayari kuambukiza. Panya anajilamba, anameza. Mwenzake anamlamba, naye anameza. Mayai ni mepesi na yananata, utayakuta kwenye manyoya, kwenye maranda, kwenye vumbi lililolala juu ya shelfu, mpaka ndani ya mabomba ya kupitishia hewa, na kwenye mkono wa koti lako jeupe unalolivaa kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kina mama humu ndani nadhani mmeshaelewa, maana hawa ni ukoo mmoja na ile minyoo midogo inayowawasha watoto usiku mpaka hawalali. Ile ya watoto na hii ya panya ni tofauti, mtoto wako hajaipata kwa panya weupe, msiogope, ila tabia ni zilezile, kutoka nje kutaga, kuwasha, kurudi mdomoni. Hata namna ya kupima ni hiyohiyo, seloteipu.

Mnipe nafasi nieleze hii ya seloteipu vizuri maana ndo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote na ndo kinachofanywa hovyo kuliko vyote. Unakata kipande cha seloteipu ile inayoonyesha, isiwe ile yenye rangi ya maziwa, urefu wa kidole. Unamshika panya taratibu, mkono mmoja chini ya kifua, unamuinua mkia. Upande wa gundi unaubandika pale kwenye ngozi inayozunguka njia ya haja, unagandamiza kidogo, unabandua, unarudia mara mbili tatu pembeni pembeni, ukiparamia kinyesi chenyewe umeharibu. Halafu unalaza seloteipu kwenye slaidi kama unavyobandika stempu, bila mapovu ya hewa, unaweka chini ya hadubini. Fanya mchana, maana mchana ndo jike linapenda kutoka kutaga. Na chukua panya wadogo, wa wiki tano hivi, wasiwe wale wazee wa shelfu ya chini, kwa sababu panya akikua mwili wake unapambana na vinyuzi vinapungua sana, ukipima mzee utapata sifuri na utalala usingizi mzuri ambao sio wa haki.

Yai utalijua. Ni refu, upande mmoja umevimba na upande wa pili ni bapa, kama korosho iliyonyooshwa, ganda linang'aa, na ndani ukitulia unaweza kuona kitu kimejikunja. Mara ya kwanza kuliona nilikaa pale kwenye kiti nikasahau hata chai.

Basi nije kwenye kilichoniuma.

Zamani kidogo, kwenye kituo kimoja nilichokuwa nafanya kazi, na kituo chenyewe sikitaji, alikuja dada mmoja wa shahada ya uzamili. Alikuwa anatafiti gome la mti ambao bibi yake alikuwa akichemsha kwa ajili ya maumivu ya viungo, na alikuwa analipenda lile jambo kweli, sio zile mada za kupewa. Kipimo chake kilikuwa kile cha kumchoma panya sindano inayoamsha kinga ya mwili mpaka viungo vinavimba, halafu kundi moja unalipa dawa yako na kundi lingine unalipa maji matupu, unapima uvimbe wa miguu kila siku kwa kifaa kile cha kubana. Kundi la maji ndo linatakiwa livimbe sana, ndo kontroli yako, bila hilo huna cha kulinganisha. Sasa kontroli zake karibu nusu hazikuvimba inavyotakiwa. Wiki ya pili hazivimbi. Ya tatu, vilevile. Supavaiza akamwambia umechoma vibaya, mikono yako inatetemeka, rudia. Nilimkuta siku moja amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chumba cha kuoshea, analia kimyakimya.

Na mimi nilikuwa najua kitu. Miezi miwili nyuma panya mmoja mdogo alikufa kwenye shelfu ile ya wageni, panya waliokuwa wameletwa kutoka sehemu nyingine na kwa haraka ya watu wakaingizwa moja kwa moja chumba kikubwa bila kutengwa hata siku moja. Nilimpasua kwa udadisi tu. Nikaona sikamu ina vinyuzi vyeupe. Nikaenda kwa mkubwa wangu wa kazi, akaniambia hivyo viko kila mahali, usiwashtue watu, projekti ziko katikati. Nikanyamaza. Nilikuwa kijana, mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita sita, nikajiambia mi ni mfagiaji tu, nani atanisikiliza.

Siku ya mwisho dada yule alipowapasua panya wake nilimuomba anipe sikamu. Mnaweka kwenye kisahani chenye maji ya chumvi, chini mnaweka karatasi nyeusi, mnachana taratibu kwa mkasi mdogo na mnasubiri. Kama dakika mbili hivi hamuoni kitu, uchafu tu unatulia chini. Halafu vinaanza kuinuka, kimoja, viwili, kumi, nyuzi nyeupe zinajipinda kama ugali wa maji unaochemka. Sikamu ya kwanza tulihesabu tukaacha. Karibu kontroli zake zote zilitoka kwenye lile kundi la wageni, na wale waliopewa dawa wengi walikuwa panya wetu wa zamani. Aligawa hivyo bila kujua, kwa sababu keji ndo zilivyokuwa zimepangwa kwenye shelfu.

Baadaye nikaja kujua kwamba hili lilishaandikwa kitambo. Mwaka 1975 watafiti wawili, Pearson na Taylor, walichapisha kazi kuhusu vinyuzi vya jamii hii hii ya Syphacia na ugonjwa huu huu wa viungo wa kuchomwa sindano kwa panya, wakionyesha minyoo inaugusa ugonjwa. Na inaingia akilini ukiijua kinga ya mwili. Minyoo ikikaa tumboni inaugeuza mwili kuelekea ile njia ya kupambana na minyoo, zile chembe nyeupe za aina ya aleji zinapanda, na ile njia nyingine inayoleta uvimbe wa viungo inatulia. Kwa hiyo panya mwenye vinyuzi anaweza kuwa ameshatibiwa kabla hujamtibu. Unampa maji, minyoo imempa dawa.

Dada alirudia kazi yote. Miezi nane. Na panya 36 wale walikufa bila kutuambia chochote, na hilo mi naliona ni deni, maana tulipowachukua tuliahidi kwenye fomu ya maadili kwamba kifo chao kitakuwa na faida. Kila nikiona jina la dada yule nakumbuka kwamba neno moja langu, miezi miwili kabla, lingetosha.

Sasa mtu asije akasema haya yanatokea kwetu tu kwa sababu hatuna vifaa. Hapana. Nataka niwape kisa cha Copenhagen, na nitakaa nacho kidogo maana ni kikubwa.

Johannes Fibiger, daktari wa Denmark. Huyu hakuwa mtu wa hovyo, mnisikilize vizuri hapa. Mwaka 1898 alichapisha jaribio la dawa ya dondakoo ambapo wagonjwa walipewa sindano kulingana na siku waliyolazwa, leo hawa wanapewa, kesho wale hawapewi, ili asiwe yeye anayechagua nani apate. Mpaka leo watu wa takwimu wanamheshimu kwa hilo, ni mmoja wa waanzilishi wa majaribio yenye kontroli. Basi mwaka 1907 akiwa anapasua panya wa utafiti wa kifua kikuu akakuta watatu wana uvimbe kwenye tumbo la chakula. Panya hao asili yao ni Dorpat, mji ambao leo ni Tartu huko Estonia. Akachungulia ule uvimbe kwa hadubini, akakuta minyoo imejichimbia ndani.

Mtu mwingine angeandika karatasi siku ileile. Yeye akaanza kutafuta. Akapasua panya wa Copenhagen zaidi ya elfu moja, hakuna. Akaja kugundua mnyoo unahitaji mende kama nyumba ya katikati, panya akila mende ndo anaupata, na akaenda kuupata kwenye kiwanda cha kusafisha sukari cha mjini pale, ambako panya na mende wakubwa walikuwa wanaishi pamoja. Akawalisha panya wake mende wenye minyoo. Wakaota uvimbe. Mwaka 1913 akatangaza, na dunia ikashangilia, kwa mara ya kwanza mtu anaonekana ametengeneza saratani maabara kwa makusudi. Akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1926. Januari 1928 akafariki, akiwa mwenyewe anaugua saratani ya utumbo mpana.

Halafu wengine wakaanza kurudia. Na ikaonekana panya wake walikuwa wanalishwa mkate mweupe, chakula kisicho na vitamini A. Panya akikosa vitamini A ule utando wa ndani ya tumbo wenyewe unakuwa mgumu, unanenepa, na mnyoo ukija kukwaruza pale, unapata vinundu vinavyofanana na saratani. Mwaka 1952 Hitchcock na Bell, Wamarekani, walirudia kwa uangalifu, panya wa chakula kizuri kwa upande mmoja na wasio na vitamini A upande wa pili, wote na mnyoo uleule, na saratani aliyoisema Fibiger hawakuiona. Mnyoo leo unaitwa Gongylonema neoplasticum, yaani mpaka jina lake bado limebeba ile hukumu ya kuleta uvimbe.

Wakati huohuo kulikuwa na Mjapani, Katsusaburo Yamagiwa, aliyekuwa anapaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka 1915 yeye na msaidizi wake Ichikawa wakapata saratani ya kweli. Alipendekezwa kwa Nobel na hakuipata.

Mi kisa hiki nakipenda kwa sababu Fibiger alifanya karibu kila kitu sawasawa. Alihesabu, alitafuta, alirudia, alikuwa na subira ambayo wengi wetu hatuna. Kilichomponyoka kilikuwa kwenye bakuli la chakula. Kitu ambacho mtu wa kulisha panya ndo anakiona kila asubuhi, na nina uhakika hakuna aliyemuuliza mtu wa kulisha.

Kuna minyoo mingine lazima niitaje, haraka haraka. Upo mnyoo wa kibofu cha mkojo, Trichosomoides crassicauda, jike linakaa kwenye ukuta wa kibofu na dume linaishi ndani ya jike lenyewe, ndani ya mfuko wa uzazi. Mayai yanatoka na mkojo. Huu umewasumbua sana watu wa saratani ya kibofu, kwa sababu wenyewe unaleta vijiwe na vinundu pale pale unapotafuta athari ya kemikali yako. Ukiwa na projekti ya kibofu na hujachuja mkojo wa panya wako ukautazama, simama kwanza.

Upo wa ini. Huu unatoka kwa paka, tegu wa paka, mayai yako kwenye kinyesi chake, panya akiyala yanaota malengelenge meupe kwenye ini, ukilipasua lengelenge unavuta kitu kama utepe. Na huu, tofauti na wa Fibiger, kweli unaleta saratani ya ini kwa panya, Bullock na Curtis wa New York walilionyesha mwaka 1920. Kwa hiyo nikisema paka asilale kwenye stoo ya chakula cha panya, najua anasaidia kuwakimbiza panya wa darini, nampenda pia, lakini magunia yale yafunikwe.

Na upo ule tegu mdogo, Hymenolepis nana. Huu wahudumu naomba muandike. Huu unaingia kwa binadamu. Hauhitaji mdudu wa katikati, yai kutoka kwa panya mpaka kwenye mdomo wako linatosha, na ukishakuwa nao unaweza kujizalisha humohumo tumboni bila kutoka nje. Binamu yake, Hymenolepis diminuta, anahitaji mdudu, wale wadudu wadogo wa kahawia wa kwenye unga, ndo maana chakula kilichoingiwa na wadudu hatukipepeti tukakirudisha, tunakitupa. Mtu ananiambia glovu zimeisha nitaosha mikono baadaye, halafu anakula karanga mfukoni akiwa anakusanya maranda. Jamani. Una watoto nyumbani.

Sasa tufanyeje. Sitawadanganya, kuondoa vinyuzi kwenye nyumba ya wanyama ni kazi ngumu, vituo vya Ulaya na Marekani vyenye keji zinazojipitishia hewa zenyewe na mashine za kuoshea za nyuzi joto 82 navyo vinapata, vinasafisha, vinapata tena. Dawa zipo. Fenbendazole inachanganywa kwenye chakula, kiasi cha sehemu 150 kwa milioni, unalisha wiki moja unaacha wiki moja, unarudia wiki kadhaa, ni dawa ya familia moja na ile albendazole mnayopewa mashuleni. Ivermectin nayo inatumika. Lakini mnyoo ulioko ndani ya utumbo ndo unaokutana na dawa, yai lililoko kwenye vumbi halikutani na chochote, linasubiri. Ukitoa dawa Jumatatu bila kuosha chumba, Jumatatu ya pili unaanza upya, kumbuka zile siku saba.

Na dawa yenyewe inaingia kwenye jaribio. Mtu wa kinga ya mwili au wa saratani ukimpa fenbendazole panya wake katikati ya kazi umembadilishia kitu, inabidi aandike, inabidi kundi zote zipate sawa. Usimpe kimyakimya kumsaidia.

Kwenye kuosha, dawa nyingi za kumwaga sakafuni mayai yanazivumilia vizuri tu. Kinachoyamaliza ni joto. Otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, ikiwepo na umeme ukiwepo, maranda yaingie kwanza, sio yatoke kwa fundi seremala yakiwa kwenye kiroba yaende moja kwa moja kwenye keji, maana kule kwa seremala panya wa mtaani wamelala juu yake usiku kucha. Umeme ukikatika, maji yachemke kweli, keji na vifuniko na chupa na ile mipira ya chupa, ambayo kila mtu anaisahau. Shelfu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji moto, msifagie kwa ufagio mkavu, ukifagia mkavu umeyarusha mayai chumba kizima kwa mkono wako mwenyewe.

Panya wageni watengwe. Chumba chao, ndoo yao, koti lao, na wahudumiwe mwisho wa siku baada ya wenyeji, sio mwanzo. Wapimwe kwa seloteipu, kinyesi kikorogwe kwenye maji ya chumvi mazito ili mayai mengine yapande juu, maana sio kila mnyoo unataga nje kama vinyuzi, na mmoja wawili wapasuliwe. Seloteipu peke yake inaweza kukosa. Halafu wawepo panya walinzi, wadogo, mnawawekea kijiko cha maranda machafu kutoka kila keji kila mnapobadilisha, na wao ndo mnawapima kila baada ya miezi michache badala ya kusumbua panya wa projekti. Hii haihitaji mfadhili. Inahitaji mtu mmoja anayekumbuka.

Wenye uwezo wanakwenda mbali zaidi, wanatoa watoto wa panya kwa upasuaji siku ya kuzaliwa, kabla hawajagusa maranda wala ulimi wa mama, wanawapa mama mwingine msafi awanyonyeshe, kwa sababu vinyuzi havipiti kwenye kondo, mtoto tumboni ni msafi. Kizazi kipya kinaanzia hapo. Mimi nimelishuhudia mara moja tu, watoto wekundu kama vidole, mtu anawasugua kwa kitambaa cha joto mpaka wapumue, na mama wa kambo anawanusa, anasita, halafu anawakusanya chini ya tumbo lake.

Walimu wangu, mniwie radhi, hili la mwisho nawaelekezea nyie. Mhudumu akija ofisini kwako akasema nimeona kitu cheupe, usimuulize ana elimu gani. Mkalishe, mwambie akuonyeshe. Na nyie wanafunzi, kwenye tasnifu zenu kuna aya inaitwa hali ya wanyama, mnakopi ileile "panya walikuwa na afya njema". Nani aliwapima? Tarehe ngapi? Kwa njia gani? Ukikuta minyoo, iandike hivyo hivyo, na jina lake, na keji ngapi. Anayesoma kazi yako kule mbali anaweza kuwa na matokeo ya ajabu yanayomkosesha usingizi, na sentensi yako moja ikamfungulia.

Nimeleta panya sita, wako kule meza ya nyuma kwenye keji tatu, na seloteipu mbili na hadubini mbili. Tutakwenda wawili wawili, mmoja anashika na mwingine anabandika, halafu mnabadilishana. Wahudumu ndo watawafundisha wanafunzi, sio kinyume. Keji namba 3 niliipima jana mchana, ina mayai, nimeshaiandika ubaoni pale mlangoni kwa kalamu nyekundu na nimemwambia mwenye projekti. Hajafurahi. Anzeni na hiyo, vaeni glovu kwanza.